Bakuli la Rameni na Ulimi wa Kiambere

Rameni, yaani tambi za ngano zinazoliwa ndani ya supu ya mifupa, kuku au samaki, ni chakula cha Kijapani ambacho katika miongo ya karibuni kimetoka kwenye vibanda vya wafanyakazi wa Tokyo na Fukuoka na kuingia katika mikahawa ya kifahari ya New York, London na Dubai, na ambacho jijini Nairobi hupatikana katika mikahawa michache ya Kijapani, mingi ikiwa katika mitaa ya watu wenye fedha kama Westlands na Kilimani. Kiambere, iliyo upande wa chini wa Kaunti ya Embu katika nchi kavu ya Wambeere, haina mkahawa wa aina hiyo wala haitarajii kuupata karibuni. Hata hivyo, mlaji atokaye Kiambere anayealikwa siku moja kuketi mbele ya bakuli hilo hana sababu ya kuingia kwa unyonge, kwa kuwa mambo yanayoamua kama rameni ni nzuri au mbaya, yaani mifupa iliyochemka kwa saa nyingi, magadi katika unga, samaki wadogo waliokaushwa na chumvi iliyopimwa, ni mambo ambayo ulimi wake umeyazoea tangu utotoni, na pengine umeyazoea kuliko ulimi wa mpambaji aliyechagua taa za mkahawa huo.

Eneo lenyewe hutajwa zaidi kwa umeme kuliko kwa chakula. Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, ndilo la mwisho kuelekea chini katika mfululizo wa mabwawa ya Mto Tana unaoitwa Seven Forks, likitanguliwa na Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na baada ya mitambo yake kuboreshwa lina uwezo wa megawati 168, ambazo huingia katika gridi ya taifa na kuwasha, miongoni mwa vitu vingine, taa hizo za mikahawa. Mvua ni haba, na mkulima hutegemea mtama, mawele, ndengu na kunde, pamoja na mbuzi wanaouzwa kila ada ya shule inapodaiwa. Bwawa nalo limeongeza samaki, hasa tilapia na kambare, ambao wavuvi huwatoa majini na wachuuzi huwakaanga sokoni. Anayekula nje ya nyumba yake huko hula samaki huyo kwa ugali, au chapati kwa ndengu, au nyama ya mbuzi ya kuchoma iliyotanguliwa na kikombe cha supu ambayo imekuwa motoni tangu alfajiri. Kikombe hicho cha mwisho, ambacho watu wengi hukinywa wakiwa wamesimama kando ya bucha bila kukifikiria, ndicho jamaa wa karibu kabisa wa rameni katika Afrika Mashariki.

Supu ya bucha hupikwa kwa kichwa, miguu na mifupa ya mbuzi au ng'ombe, yaani sehemu zisizo na nyama ya kutosha kuuzwa kwa kilo lakini zenye ngozi, kano na gegedu tele. Ndani ya sehemu hizo mna kolajeni, protini ngumu inayoshikilia viungo vya mnyama, ambayo ikichemshwa kwa muda mrefu hulegea na kugeuka kuwa jelatini. Na jelatini ndiyo inayoipa supu uzito, ikaifanya inate kwenye midomo na kuganda chunguni usiku wa baridi. Mpishi wa tonkotsu, yaani rameni ya mifupa ya nguruwe iliyozaliwa katika kisiwa cha Kyushu kusini mwa Japani, hutafuta jelatini hiyo hiyo, ila yeye huongeza moto: badala ya kuiacha supu ichemke taratibu na kubaki angavu, huitokosa kwa nguvu kwa saa 12 au zaidi, mpaka mafuta, ambayo kwa kawaida hayachangamani na maji, yavunjwevunjwe kuwa matone madogo mno yanayozuiwa na jelatini yasiungane tena, na chungu kizima kikawa cheupe kama maziwa. Katika mji wa Kurume husimuliwa kwamba weupe huo ulipatikana kwa bahati baada ya Vita vya Pili vya Dunia, supu ilipoachwa motoni kupita kiasi na mwenye kibanda akagundua kwamba wateja wanaipenda hivyo. Simulizi za namna hiyo husimuliwa kuhusu vyakula vingi na si lazima ziaminiwe zote, lakini hii ina mantiki, kwa sababu njia ya kawaida ya kuupata weupe huo ni kuusahau moto au kukusudia kuusahau.

Tofauti kubwa kati ya vyungu hivi viwili haipo katika uchemshaji bali katika jinsi chumvi inavyoingia. Muuza supu wa Kiambere hutia chumvi chunguni, mara nyingine pamoja na kitunguu na dania, na kila mteja hupata ladha moja. Pilipili tu ndiyo inayoachwa mikononi mwa mnywaji. Mpishi wa rameni huiacha supu yake karibu bila chumvi, kisha kila agizo linapofika huweka chini ya bakuli tupu kijiko cha tare, ambayo ni kioevu kizito chenye chumvi kilichotengenezwa kando kwa mchuzi wa soya, au kwa chumvi na vitu vya baharini, au kwa miso, yaani rojo zito la maharagwe ya soya yaliyochachushwa, ndipo huimwagia supu ya moto juu yake. Kutokana na tare hizo tatu hupatikana majina yanayoonekana katika orodha za vyakula: shoyu kwa ile ya mchuzi wa soya, shio kwa ile ya chumvi, na miso kwa ile iliyopata umaarufu wake Sapporo, kaskazini kwenye theluji, katika miaka ya 1950. Tonkotsu si jina la tare bali la supu, na ndiyo maana orodha inayoyapanga majina hayo manne kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja huwachanganya wageni. Juu ya supu hufuata tambi, kisha mafuta kidogo yenye harufu ya kitunguu saumu au ya kuku, kisha vipande vya nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole, yai lililochemshwa kiini kikabaki laini na kulazwa katika mchuzi wa soya, chipukizi za mianzi zilizochachushwa, kitunguu cha majani na karatasi nyembamba ya mwani. Vyote hivyo vina kazi, lakini vyote ni wasindikizaji. Mkahawa ambao sifa yake inategemea yai ni mkahawa wenye shida kwenye chungu.

Unyonge wa mgeni hupungua zaidi akijua kwamba rameni yenyewe haikuzaliwa katika ufahari. Tambi zake zililetwa Japani na Wachina waliofanya kazi katika bandari kama Yokohama, na duka linalohesabiwa kuwa ndilo lililoufanya mlo huo upendwe na umma, Rairaiken, lilifunguliwa mtaa wa Asakusa jijini Tokyo mwaka 1910 na Ozaki Kan'ichi, ofisa wa zamani wa forodha aliyewaajiri wapishi wa Kichina kutoka Yokohama na kuwalisha watu waliotoka kazini au kwenye maonyesho. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1945, Japani ilikumbwa na uhaba wa mchele, na ngano ya Marekani iliingia kwa meli, kwanza wakati wa utawala wa kijeshi wa Wamarekani na baadaye, kuanzia mwaka 1954, chini ya sheria ya Marekani iliyoruhusu nafaka za ziada ziuzwe nje kwa masharti nafuu. Mikokoteni ya chakula iliigeuza ngano hiyo kuwa tambi na kuwauzia vibarua usiku. Kenya nayo imewahi kula nafaka ya msaada, na wazee wa Mbeere wanaikumbuka njaa ya 1984 kwa mahindi ya manjano ambayo watu waliyala kwa sababu hapakuwa na mengine, wakayaacha mara mvua iliporudi. Nafaka ya Marekani ilipata bahati tofauti Japani, si kwa kuwa ilikuwa tamu zaidi, bali kwa kuwa iliwakuta wapishi waliokuwa tayari na supu ya kuitia ndani.

Kutoka hapo njia mbili ziligawanyika. Ya kwanza ni ile ya kiwandani: mwaka 1958 Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani, alianza kuuza tambi zilizopikwa, zikakaangwa ili zikauke, na kurudi kuwa chakula kwa maji ya moto tu, na mwaka 1971 kampuni yake ya Nissin ikaziweka ndani ya kikombe. Uzao wa uvumbuzi huo ndio unaopatikana leo katika duka la rejareja la Kiambere, ambako tambi za pakiti huitwa Indomie hata zikiwa za kampuni nyingine, na duniani kote huliwa zaidi ya pakiti na vikombe bilioni 100 kwa mwaka. Nissin yenyewe ilifika Kenya kwa mlango wa elimu, kwa kuwa iliungana na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, kuunda kampuni ya pamoja ya kutengeneza tambi hizo nchini. Mwanafunzi wa sekondari anayezichemsha bwenini kwa siri, kwa hiyo, ameshakula mjukuu wa rameni kabla hajalisikia jina la babu.

Njia ya pili ndiyo iliyoishia kwenye taa za mapambo. Katika miaka ya 1980, Wajapani waliokuwa wameanza kutajirika walianza kuzungumza kuhusu rameni kwa uzito waliokuwa wakiuweka kwenye vyakula vya heshima. Filamu ya Tampopo ya Juzo Itami, iliyotoka mwaka 1985 na kumhusu mjane anayejifunza kupika bakuli lisilo na kasoro, iliucheka uzito huo na papo hapo ikausambaza ulimwenguni. Mwaka huo huo Shigemi Kawahara alifungua duka la Ippudo mjini Fukuoka akiwa na nia ya kuondoa sura ya uchafu na ukali iliyokuwa imeshikamana na maduka ya tonkotsu, na mwaka 2008 Ippudo ikafungua tawi New York ambako watu walisubiri meza kama wanavyosubiri katika mkahawa wa Kifaransa. Mwaka 1994 mji wa Yokohama ulipata jumba la makumbusho la rameni, na mwishoni mwa mwaka 2015 duka dogo la Tokyo liitwalo Tsuta likawa la kwanza la rameni kupewa nyota na mwongozo wa Michelin, ambao ni kitabu cha Kifaransa cha kupanga daraja za mikahawa. Tukio hilo lilisherehekewa sana, ingawa linaweza kusomwa pia kama ushahidi kwamba Wafaransa walichukua zaidi ya miaka 100 tangu Rairaiken kutambua jambo ambalo dereva wa teksi wa Tokyo alilijua kila usiku.

Nairobi iliipokea njia hii ya pili kwa kuchelewa na kwa namna yake. Mikahawa ya Kijapani imekuwapo jijini kwa miongo kadhaa, Akasaka iliyokuwa katikati ya jiji na Furusato ya Westlands zikiwa miongoni mwa zilizojulikana, lakini kilichowavutia wengi kilikuwa sushi, yaani vipande vya wali na samaki mbichi, na rameni ilikaa kwenye ukurasa wa nyuma wa orodha. Ni baadaye tu, kwa mikahawa kama Cheka inayofuata mtindo wa izakaya, ambao ni ukumbi wa Kijapani wa vinywaji na vyakula vidogovidogo, ndipo bakuli la tambi lilipoanza kuagizwa kwa ajili yake lenyewe. Historia hiyo ina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba mpishi anayelazimika kutengeneza sushi, nyama za mishikaki na rameni kwa jiko moja hawezi kukipa chungu cha supu muda ambao duka la Fukuoka lisilouza kitu kingine hukipa. La pili ni bei: bakuli moja Nairobi mara nyingi huzidi shilingi 1,000, ilhali nchini Japani wenye maduka wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mteja hukataa kuvuka kile wanachokiita ukuta wa yeni 1,000, kiasi ambacho kwa ubadilishaji wa fedha wa miaka ya karibuni kimekuwa karibu na shilingi 1,000 za Kenya au pungufu yake. Sehemu ya tofauti hiyo ni halali, kwa kuwa mwani, miso na mchuzi wa soya wa kuchachushwa vizuri husafirishwa kutoka mbali. Sehemu nyingine ni kodi ya jengo. Na iliyobaki ni ukuta wa zege lisilopakwa rangi, bakuli jeusi la mfinyanzi na muziki wa chini chini, vitu ambavyo havina ubaya wowote mradi mlaji ajue kwamba amevilipia.

Meza za mkahawa huo, kwa mfano, zingeweza kutoka Kiambere. Mukau, mti wa nyika wa jamii ya mkangazi unaotoa mbao ngumu nyekundu na kustahimili ukame, hupandwa Kiambere kama zao la mbao, na kuanzia mwaka 2012 watafiti wa misitu wa Kenya walishirikiana na wenzao wa Japani kuchagua na kuzalisha mbegu zake bora. Mkahawa wa Kijapani wa Nairobi unaoagiza meza za ng'ambo umeupita mti ulio karibu kabisa, ambao Japani yenyewe ilisaidia kuutunza.

Jambo ambalo mlaji wa Kiambere angepaswa kulijaribu kwanza ni tambi, kwa sababu hapo ndipo magadi yanapoingia. Tambi za rameni hutofautiana na za Kiitaliano kwa kuwa unga wake hukandwa kwa maji ya kansui, yaani maji yenye kabonati za sodiamu na potasiamu, ambazo ni chumvi zisizo na ladha ya chumvi bali zenye ukali wa sabuni kidogo zikizidi. Kabonati hizo huzipa rangi za asili za unga sura ya manjano hata pasipo yai, na huibana gluteni, yaani ule utando wa protini unaofanya unga wa ngano unyumbuke, hata tambi ikawa na ukinzani inapotafunwa na isilainike haraka ndani ya supu ya moto. Magadi yanayochotwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu, jamii ile ile. Na mama wa Mbeere anayetupa punje ndogo ya magadi kwenye sufuria ya githeri au ya mboga za kienyeji ili viive haraka anatumia kemia ile ile kwa kusudi lililo kinyume, yeye akitaka kulainisha na Mjapani akitaka kukaza. Huko Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, tambi zilikuwa zikikandwa kwa maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya miti, kama wapishi wa magharibi mwa Kenya wanavyochuja majivu ya mimea kwa ajili ya mboga. Mlaji aliyewahi kuonja githeri iliyozidishwa magadi ataitambua mara moja tambi ambayo mkandaji wake alikosea kipimo, na ana haki ya kusema.

Baada ya tambi huja harufu ya bahari. Maduka mengi huchanganya supu ya mifupa na dashi, yaani maji yaliyochukua ladha ya mwani mkavu na samaki wakavu. Samaki anayeheshimiwa zaidi ni wa jamii ya jodari, ambaye huchemshwa, hufukizwa moshi na kukaushwa kwa majuma mpaka anakuwa mgumu kama ubao, kisha huparuzwa vipande vyembamba. Lakini duka la kawaida hutumia niboshi, ambao ni dagaa wa baharini waliochemshwa na kukaushwa, na ambao kabla ya kulowekwa hutolewa kichwa na utumbo ili wasilete uchungu. Omena wa Ziwa Victoria, wanaouzwa kwa mkebe katika masoko ya Embu na ya Kiritiri, huko huko Mbeere, ni samaki wa maji baridi na wa jamii nyingine, na harufu yao ni kali zaidi, ila mpishi anayewakaanga hushughulikia uchungu huo huo. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aligundua kwamba utamu wa dashi ya mwani, ambao si wa sukari wala wa chumvi, unatokana na glutamati, na mwaka uliofuata unga wake ukaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Baadaye wanasayansi wenzake walionyesha kwamba samaki wakavu na uyoga wa shiitake wana viambato vingine vinavyouzidisha utamu huo mara nyingi vinapokutana na glutamati. Unga wa Ikeda umo leo katika viungo vingi vya pakiti vya kukoleza mchuzi vinavyouzwa vijijini Kenya, kwa hiyo maabara ya Tokyo imeshafika Kiambere tangu zamani, bila taa na bila vijiti.

Ufahamu huo huo ndio unaompa mlaji njia ya kuupima mkahawa. Supu ya kweli ikipoa kidogo huacha utando mwembamba unaonata kwenye midomo, ambao unga wa pakiti hauwezi kuuiga, kwa kuwa unga huo huleta chumvi na glutamati lakini hauleti jelatini ya kutosha. Ulimi husifu papo hapo, kisha dakika chache baadaye hubaki na kiu na ukavu. Bakuli linapaswa kufika likiwa la moto kiasi cha kutofaa kunywewa mara moja, jambo ambalo hutegemea mpishi kulipasha bakuli lenyewe kabla ya kulijaza, na mkahawa unaoleta rameni vuguvugu kwa sababu mhudumu alikuwa akipanga vipambo umevunja kanuni ya kwanza ya chakula hiki. Swali la kumwuliza mhudumu kwa upole ni moja: mifupa ya leo iliingia chunguni saa ngapi? Anayejua atajibu kwa fahari, na asiyejua ataenda jikoni kuuliza, na muda atakaotumia huko utakuwa sehemu ya jibu.

Kwa msomaji Mwislamu, swali hilo halitoshi. Tonkotsu ni nguruwe mtupu, na hata supu ya kuku inaweza kubeba vipande vya nguruwe juu yake au mafuta yake ndani, ilhali tare nyingi hutiwa sake au mirini, ambazo ni vileo vya mchele vinavyotumika kama viungo. Zipo rameni za kuku pekee, zikiwemo zile nzito nyeupe zinazochemshwa kwa nguvu kama tonkotsu, na Tokyo sasa ina maduka yanayopika kwa kufuata masharti ya halali. Nairobi ni lazima kuuliza kuhusu supu, mafuta, tare na nyama, kila kimoja kwa zamu yake. Kuku wa kienyeji aliyezeeka, ambaye nyama yake huwachosha wenye meno, angefaa sana kwa supu ya namna hiyo, kwa kuwa umri umemjaza kolajeni, na ingekuwa ajabu mkahawa wa Nairobi usimtaje katika orodha yake ilhali humtaja samaki aliyesafiri kwa ndege.

Namna ya kula nayo ni rahisi kuliko inavyohofiwa. Supu huonjwa kwanza kwa kijiko, kisha tambi huinuliwa kwa vijiti na kuvutwa mdomoni kwa sauti, jambo ambalo mzazi wa Kimbeere angelikaripia mezani lakini ambalo Wajapani hulihesabu kuwa la kawaida, kwani pumzi inayoingia pamoja na tambi huzipoza na kupandisha harufu puani. Hailiwi kwa maongezi marefu: tambi huendelea kunyonya supu kila dakika, na anayepiga picha kwa muda mrefu atakula chakula kingine tofauti na alichoandaliwa. Uma ukiombwa haupotezi ladha yoyote. Katika maduka ya Fukuoka mwenye njaa huomba nyongeza ya tambi peke yake kwa supu iliyobaki, na kwingineko wali hutumbukizwa ndani yake. Pishori ya Mwea, iliyo jirani na Mbeere na ambako Japani imefadhili umwagiliaji kwa miongo kadhaa hadi Bwawa la Thiba lililozinduliwa mwaka 2022, ingefanya kazi hiyo vizuri ingawa punje zake hazishikani kama za mchele wa Kijapani. Kuimaliza supu yote ni heshima kwa mpishi, lakini si deni: bakuli moja linaweza kubeba gramu 5 za chumvi au zaidi, ambacho ndicho kikomo cha siku nzima kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mwenye shinikizo la damu akiacha nusu chini hamkosei mtu.

Swali linalobaki ni kama bakuli la namna hii linaweza kupikwa Kiambere kwenyewe, na jibu ni kwamba linaweza, kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Vichwa na mifupa ya tilapia, ambavyo kwa kawaida huenda kwa mbwa au hutupwa, vikikaangwa kidogo kwa tangawizi na kitunguu kisha vikitokoswa kwa nguvu hutoa supu nyeupe kwa muda mfupi sana kuliko mifupa ya mnyama, na Japani kwenyewe kuna maduka yanayopika rameni kwa vichwa vya samaki. Mbuzi anatoa supu nzito zaidi, ambayo harufu yake inahitaji tare ya ukali wa kutosha, pengine ya ndimu na pilipili badala ya soya. Kinachogharimu ni moto: kuchemsha mifupa kwa saa 12 kwa makaa katika nchi ambayo miti yake imekatwa sana kwa ajili ya makaa hayo hayo ni ubadhirifu, na hapo sufuria ya presha, ambayo hata baadhi ya maduka ya Kijapani huitumia, hupunguza saa hizo kuwa mbili au tatu. Mtama hauwezi kuwa tambi za aina hii peke yake, kwa kuwa hauna gluteni, lakini sehemu ndogo ya unga wake huweza kuchanganywa na wa ngano bila tambi kukatika. Ngano hailimwi Mbeere. Hulimwa Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya katika Kaunti ya Meru, na unga wake ukifika Kiritiri utakuwa umesafiri umbali mfupi kuliko mwani, miso na mchuzi wa soya vinavyowekwa leo katika bakuli la Westlands.